Nusu Yangu ya Ukuta

Mwaka jana mzima picha aliyoichora Eliza ilining'inia katika ofisi ya mtaa wetu hapa Mkonze, kwenye kalenda, nami kila nilipokwenda kufuata barua au muhuri nilichagua kiti cha kuipa mgongo. Karani alikuwa akiniambia, "Mama, sogea huku kwenye feni," nami namjibu kwamba nilipokaa pananitosha. Feni ilikuwa upande wa kalenda. Nimetokwa jasho mwaka mzima kwa ugomvi ambao ulianza karani yule hajazaliwa. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue anasoma habari za mtu wa namna gani. Watu wa umri wangu wakisimulia ujana wao hupenda kujivika upole, kana kwamba mvi zikishaota kichwani na moyo nao unakuwa umefuliwa. Wangu haujafuliwa.

Eliza alikufa mwanzoni mwa kiangazi. Aliyeniambia ni mama muuza mboga, alijua tu kwamba mchoraji maarufu wa Area D amefariki, hakujua kama tuliwahi kujuana. Nikasema Mungu amrehemu, nikaendelea kuchagua nyanya. Mazikoni sikwenda. Wiki kadhaa zilipita, halafu akaja binti mmoja mrefu, amejifunga kitenge cheusi, akapiga hodi na kusimama nje ya mlango mpaka nilipotoka. "Shikamoo mama mdogo," akasema. Nikamjibu, "Marahaba. Mama mdogo wa nani?" Akasema yeye ni Neema, mtoto wa Eliza, na kwamba mama yake alipokuwa akinitaja nyumbani alinitaja hivyo, mama mdogo Hadija. Nikampa kiti na maji. Akanieleza kuwa yanaandaliwa maonyesho ya kumkumbuka marehemu, kazi zote zimekusanywa, na nyingine hazina jina wala alama. "Mama alisema wewe ndiye utakayejua zipi ni zipi." Nikamuuliza alisema lini. "Hospitalini, siku za mwisho." Nikamuuliza alisema nini kingine. Binti akainamisha kichwa. "Alisema usipotaka kuja, nisikulazimishe." Huyo ndiye Eliza ninayemjua mimi: hata akikuomba kitu anakuachia mlango wa kutokea, ili ukikataa lawama ibaki ni yako.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na sita, yeye ishirini na minne. Tulikutana katika karakana ya mabango karibu na soko, wanawake wawili kati ya wanaume sita, kazi yetu ikiwa ni kuandika majina ya maduka, saluni na shule za chekechea. Tukapanga chumba kimoja cha uani Area D. Chumba kile nakijua kuliko nyumba hii ninayoishi. Sakafu ya saruji ilikuwa imemeguka pembeni, vitanda vilikuwa viwili vya futi tatu, na dirisha dogo la wavu lilitazama jiko la wapangaji, kiasi kwamba ukikaanga kitunguu nje, aliyelala ndani anapiga chafya. Nyuma ya mlango palikuwa na msumari mmoja tuliotundikia nguo zetu zote mpaka mlango ukawa haufunguki vizuri. Vumbi liliingia kila siku ya Mungu. Asubuhi tulikunywa uji wa uwele, jioni ugali na mlenda, na kila jioni tulibishana juu ya mlenda huo huo, yeye akiutaka mzito wa kuvutika kama wanavyoula kwao, mimi nikitaka karanga nyingi kama kwetu Kondoa. Mwezi wa Ramadhani ulipoingia, Eliza aliacha kula mchana chumbani. Yeye alikuwa Mkristo, hakuwa na sababu ya kujinyima, lakini alichukua sahani yake akaenda kulia nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, akirudi amejifuta mdomo. Sikumwomba afanye hivyo. Nakereka kuyakumbuka haya, maana ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo.

Kabla ya mvua za mwaka ule alinipeleka kijijini kwao Zuzu, kwa bibi yake, tukasaidie kusiriba nyumba. Bibi alikuwa bado anaishi katika tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, na kila mwaka kuta zake zilihitaji kupakwa udongo mpya uliochanganywa na samadi. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Jua la huku linakausha udongo hujavuta pumzi ya pili, na ukiuacha ukauke nusu halafu ukauunga, mshono unabaki, na mvua ya kwanza inapita hapo hapo. Mjini kila mtu anajua kusema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wengi wa wanaosema hawajawahi kuziba ufa wowote. Pale Zuzu wanawake hujipanga mstari mmoja, kila mmoja na fungu lake la udongo, wakafagia ukuta kwa kiganja cha kulia, nusu duara juu ya nusu duara, wakienda kwa pamoja wakiimba na kusutana. Sasa Eliza alikuwa na mashoto. Mtu wa mashoto ukimweka katikati ya mstari ule, kiwiko chake kinamgonga mwenzake kila anapogeuza mkono. Bibi akamwambia kama alivyokuwa akimwambia tangu utotoni, "Wewe nenda kaanzie mwisho." Akaenda upande wa pili wa ukuta peke yake. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni wake, nikawekwa mbele ya mstari ili nielekee kwake. Tukaja tukikaribiana, yeye na duara zake zinazofungukia kulia, mimi na zangu zinazofungukia kushoto, mpaka tukakutana katikati ya ukuta udongo ukiwa bado mbichi. Bibi alisimama nyuma yetu na udongo mikononi, akatazama pale tulipokutania. "Hapa pamekaa vizuri," akasema. Wenzake wakamcheka kwamba ameanza kusifia ukuta kama mtoto wa shule.

Aliyesema tuuchukue udongo ule tukausiribe kwenye plaiwudi chumbani ni mimi. Aliyegundua kwamba bila gundi ya maremala ungedondoka wote sakafuni ni yeye. Nani alianza kupandisha rangi, yaani udongo mwekundu wa Zuzu chini, mweusi wa mbugani juu yake, majivu mwisho, hilo sikumbuki, na nikisema nakumbuka nitakuwa mwongo. Tulifanya kazi kama tulivyofanya pale ukutani. Kila picha ilikuwa mbao mbili zilizosimamishwa ubavu kwa ubavu. Eliza alianza ukingoni mwa ubao wake, mimi ukingoni mwa wangu, tukakimbizana na jua mpaka tukutane kwenye kiungo. Hatukuchora kitu. Ukitazama kwa muda unaona migongo ya ng'ombe, mwingine akaona vilima, na mama mwenye nyumba alisema anaona chapati. Miezi sita tulitengeneza picha kumi na moja za namna hiyo, jioni baada ya kazi na Jumapili kutwa, mabega yetu yakiuma, kucha zikiwa nyekundu kiasi cha wanaume wa karakana kutuuliza kama tunachinja. Tulikubaliana tusiandike majina mbele. Ukuta hauandikwi jina, alisema Eliza, na mimi niliona ni neno la maana sana. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Kwa macho ya haraka mbao zake na zangu zilikuwa kitu kimoja. Udongo ulikuwa mmoja, gundi moja, na mwendo wa mkono mmoja uliogeuzwa. Lakini mimi nilikuwa naweza kuzitenganisha gizani kwa kupapasa. Eliza alibonyeza mwanzo wa duara halafu akaachia, kwa hiyo duara zake zilikufa polepole mwishoni. Mimi nilianza kwa wepesi nikamalizia kwa nguvu, na udongo ukalundikana kwenye ncha. Isitoshe, mimi nina kidole kibovu. Kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kulia kilivunjika utotoni kikaunga vibaya. Hakikunjiki wala hakilali. Nikipitisha kiganja kwenye udongo, vidole vitatu vinaacha mifereji mitatu mipana, na hicho cha nne kinagusa kwa ncha tu, kikiacha mstari mwembamba unaopotea kabla duara halijaisha. Nilikuwa nauonea haya mstari ule. Mara kadhaa niliufuta kwa kidole gumba, na Eliza akanipiga kofi mkononi. "Uache," alisema. "Huo ndio unaoifanya ipumue." Niliuacha kwa sababu yeye alisema.

Halafu akaja Bwana Kisanga. Alikuwa mtaalamu wa sanaa kutoka Dar es Salaam, mwembamba, mwenye miwani ya mnyororo, akizunguka mikoani kutafuta wachoraji wa kupeleka kwenye maonyesho. Mwenye karakana ndiye aliyemtuma kwetu. Siku aliyokuja ilikuwa Jumapili mchana, nami nilikuwa nje jikoni nasonga ugali, chini kabisa ya lile dirisha la wavu. Nilimsikia akizunguka chumbani, akisifia, akikohoa vumbi. Kisha akauliza, "Nani alianza?" Eliza akacheka. "Tulianza pande mbili." Akasema, "Hapana, nielewe. Mtindo. Watu wakija ukumbini watataka kujua mtindo huu ni wa nani. Wachoraji wawili wa mtindo mmoja ni tatizo, lazima mmoja awe wa kwanza." Mwiko wangu ukasimama sufuriani. Nilimsubiri Eliza aseme. Ugali ulianza kushika chini, nikanusa, nikauacha ushike. "Udongo unatoka kwetu Zuzu," alisema hatimaye. Bwana Kisanga akasema, "Basi ni wewe. Na mwenzako?" Halafu nikasikia, kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia uache, ndio unaoifanya ipumue: "Hadija ananisaidia."

Nikapakua. Niliingia na sinia, nikaweka mlenda katikati, nikamnawisha mgeni mikono, tukala watatu. Bwana Kisanga alisifia mlenda. Akauliza ni wa nani, na Eliza akasema haraka haraka, "Wa Hadija, huo ni wa Hadija kabisa, mimi sijui kuupika hivyo." Nilimtazama, akainama akamega ugali ulioungua akaula bila kusema umeungua. Mpaka leo sijui kwa nini sikusema kitu palepale. Nimekuwa nikijiambia ni adabu, mbele ya mgeni mtu hagombani. Uongo. Nilikuwa nasubiri aseme yeye, mgeni akiondoka. Na yeye, nadhani, alikuwa anasubiri niulize. Tuliosha vyombo.

Maonyesho yalifanyika katika ukumbi mmoja hapa mjini kabla ya kwenda Dar es Salaam. Nilijishonea gauni. Nilipoingia nikakuta mbao zetu zimetenganishwa. Zile za Eliza zimetundikwa ukuta wa kulia, zangu ukuta wa kushoto, na kati yake watu wanapita na soda mikononi. Juu ya ukuta wake palikuwa na kibao kimeandikwa CHIMBUKO. Juu ya wangu, MWANGWI. Herufi zenyewe zilikuwa mbovu, ningeziandika vizuri zaidi kwa mguu. Chini yake pakaelezwa kwamba hapa mtazamaji ataona jinsi kipaji kimoja kinavyoweza kuzaa mfuasi, na alinganishe mwenyewe. Watu wakalinganisha. Nilisimama karibu na mlango nikasikia kila kitu. Mama mmoja aliyesimama upande wa Eliza alisema za huku zina roho, za kule zina mikono tu. Mwanamume mmoja alinyoosha soda yake kwenye ubao wangu. "Huyu anayeiga hata vidole hajui kuvihesabu, tazama, vitatu na mkwaruzo." Msichana wa chuo, mwenye daftari, akamwambia mwenzake kwamba wasanii hawa wangeungana angepatikana mmoja mzuri. Nilitaka kumshika mkono nimpeleke akasogeze mbao zile ubavu kwa ubavu. Sikumshika. Eliza alikuwa upande wa pili wa ukumbi amezungukwa na watu, na mara mbili alinitafuta kwa macho, na mara mbili nikatazama sakafu.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mfupi. Tulipofika chumbani nilimwambia, "Niambie nani anamsaidia nani." Akasema, "Aliyeandika ni yeye, Hadija, si mimi." Nikamwambia, "Na neno 'ananisaidia' aliliandika nani? Nilikuwa chini ya dirisha nakusongea ugali." Alikaa kitandani akafunika uso kwa viganja vile vyekundu. "Alitaka jina moja," akasema. "Niliogopa akituona wawili atatuacha wote." Nikamuuliza kwa nini basi jina hilo lisiwe langu. Nimempa miaka yote hii ajibu.

Hakuna aliyenifukuza pale chumbani. Nilikaa miezi mitatu zaidi, na miezi hiyo ndiyo inayonitia aibu kuliko kibao kile. Kwa sababu nilianza kutumia mkono wa kushoto. Eliza akiwa Dar es Salaam na picha zake, mimi nilibaki nikijifunza kubonyeza mwanzo na kuachia mwisho, kuzifungua duara upande wake, kwa kuwa watu wamesema huko ndiko kwenye roho. Mkono ulikataa, nikaulazimisha. Nilifuta, nikapaka, nikafuta. Bwana Kisanga alikuwa ameniita mwangwi kwa makosa, nami nikafanya bidii nisimwangushe. Siku moja mama mwenye nyumba alipita mlangoni akatazama ubao wangu mpya, akasema, "Hii Eliza ameiharibu." Nikaweka udongo chini. Nilihama kabla Eliza hajarudi. Mbao zangu kumi na moja za mkono wa kulia, zilizorudishwa kutoka ukumbini maana hakuna aliyezitaka, nilikuja nazo huku Mkonze na kuziezekea banda la kuku. Mvua mbili zikaondoa udongo wote. Kuku walitaga vizuri tu.

Tangu hapo nimeandika mabango. Hapana mtaa katika mji huu usio na mwandiko wangu: usitupe taka hapa, chumba kinapangishwa, kinyozi wa kisasa. Eliza akawa Eliza. Nilimsikia redioni, nikazima. Alinitumia salamu mara mbili kwa watu, nikasema zimefika. Kisha salamu zikakoma.

Basi nikamkubalia Neema, naye akanichukua mpaka ukumbini, si ule wa zamani, mwingine mkubwa zaidi, wenye taa za kuelekezwa kwenye picha. Bwana Kisanga, ambaye ndiye aliyeandika maelezo ya picha zote, alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu katikati, mzee sana, miwani yake bado na mnyororo. Nikamwamkia. Hakunikumbuka mpaka alipotajiwa jina, halafu akasema, "Aa, yule msaidizi," akanipa mkono wa baridi. Nilizunguka na Neema nikimwambia hii ni ya mwaka wa kwanza, hii ya baadaye, hapa alikuwa anaharakisha, hapa udongo si wa Zuzu. Nilikuwa nafanya kazi yangu vizuri na kwa moyo mkavu. Mwisho tukaingia chumba cha ndani chenye picha za miaka yake ya mwisho, zile ambazo Neema alisema moja yao ndiyo ilikuwa kwenye kalenda. Kila picha ilikuwa mbao mbili, ubavu kwa ubavu. Ubao mmoja ulikuwa wake, mwanzo mzito, mwisho unaokufa. Ubao wa pili duara zilifungukia kushoto. Zilianza kwa wepesi zikaishia kwa nguvu, udongo umelundikana kwenye ncha. Mifereji mitatu mipana, na wa nne ukawa mstari mwembamba.

Nilisogea mpaka pua ikakaribia udongo. Kwa kufumba na kufumbua moyo ulinidanganya kwamba ni zangu, kwamba banda la kuku nililiota. Lakini mkono uliosiriba pale ulikuwa unatetemeka. Ni mkono wa kulia wa mtu wa mashoto. Na ule mstari haukupotea kabla ya duara kuisha kama ninavyouacha mimi. Ulikwenda sawasawa mwanzo hadi mwisho na ukingoni ulikuwa na chembe za udongo zilizorushwa pembeni. Kidole hakirushi chembe. "Mwiba," nikasema. Neema akashtuka. "Mama alikuwa ananituma miiba ya mgunga. Kila nikienda Zuzu, nimletee mirefu. Sikujua ya nini, nilimwona tu asubuhi anakwaruza, anafuta, anakwaruza. Nikamwambia mama, si utumie kidole? Akasema kidole chake hakifai." Nikampa binti yule mkono wangu wa kulia. Alikishika kidole kilichopinda, akakitazama, akautazama ubao, akaanza kulia kwa sauti mpaka watu wakageuka.

Pembeni mwa chumba palikuwa na kibao. Kilisema kwamba katika kipindi chake cha mwisho msanii aligundua mazungumzo na nafsi yake, akaongeza mkono wa pili, na kwamba mstari ule mwembamba ni ubunifu wake wa uzeeni, alama ya pumzi. Nikaenda mbele ya kile kiti cha magurudumu nikainua mkono. Nikamweleza yote, kwa heshima, kama mtu anavyomweleza mzee. Alisikiliza, nakiri alisikiliza. "Bi Hadija," akasema, "unayo kazi yako yoyote ya wakati ule tulinganishe?" Nikamwambia niliezekea banda la kuku. Akanitazama kwa huruma. "Bila kazi ya kulinganisha nitaandika nini? Na kitabu cha maonyesho kimeshachapwa." Neema akasema ataandika yeye, atabandika karatasi, atawaambia watu wote. Mzee akamwambia kwa upole kwamba mtoto akifiwa husema mengi. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nilijiondoa mwenyewe, tena kwa msumari na nyundo.

Najua msomaji anataka nilainike hapa. Mwenzangu alinitafuta kwa udongo miaka yake ile ya mwisho, aliiga hata kilema changu, nami nifurahi. Sikufurahi. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa anakwaruza kwa mwiba kidole ambacho kilikuwa hai, kipo Mkonze, kinaandika chumba kinapangishwa. Kutoka Area D mpaka kwangu ni bajaji moja. Angekuja akasema neno moja, ningemtukana, halafu ningenawa mikono nikashika udongo. Haya, na mimi? Kutoka kwangu mpaka Area D ni bajaji hiyo hiyo. Mwaka mzima picha ile ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kiti changu, Eliza akiwa bado anapumua, na kilichotakiwa ni kugeuza shingo tu.

Wiki iliyofuata nilichanganya udongo. Nina jiko la nje, la matofali ya udongo, ukuta wake ulikuwa umeanza kumomonyoka. Nilisimama ukingoni mwa kushoto nikaanza kwa mkono wa kulia, ambao haukuwa umeshika udongo tangu siku zile. Bega liliuma. Duara za kwanza zilikuwa ovyo, za kumi zikakaa, na kidole kikaanza kuacha mstari wake bila kuambiwa. Nilifika katikati ya ukuta udongo ukiwa bado mbichi. Hapo ndipo alipopita Mama Furaha, jirani yangu, anarudisha ungo. Alisimama, akaweka ungo kiunoni, akatazama kwa muda. "Jamani, Bi Hadija! Umeiga zile picha za kalenda, za yule marehemu." Akasogea. "Tena umemwiga sawasawa, mpaka kale kamstari kake." Nikamwambia ndiyo, nimeiga. Akacheka kwa furaha, akanisifu, akaniwekea ungo mlangoni. Kisha akauliza, "Na upande huu uliobaki unaumalizia lini? Utakukaukia." Nikamwambia upande huo si wangu.